Rekodi ya Mennea mita 200: ni miguu yake au hewa ya Mexico?

Kona_Singida:
Habari zenu wakuu. Nanoa vijana wa mbio fupi sekondari, na nimewaambia wamfuatilie Pietro Mennea wa Italia. Mwalimu mwenzangu anasema nawadanganya watoto wa watu: ile rekodi ya dunia ya sekunde 19.72 ya Septemba 1979 ilipatikana Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na upepo mgongoni. Na dhahabu ya Moscow 1980 aliichukua Wamarekani wakiwa wamesusa. Mnaomjua vizuri, nimjibu nini?

Mzee_wa_Tartani:
Mwalimu, mwambie mwenzako amepiga hesabu akaishia njiani. Rekodi aliyoivunja Mennea, 19.83 ya Mmarekani Tommie Smith, ilikimbiwa Mexico City hiyohiyo, Olimpiki ya 1968. Kama ni hewa, wote wawili waliivuta moja. Upepo ulikuwa mita 1.8 kwa sekunde, na kikomo ni 2.0, kwa hiyo muda ni halali.

Kisha mwulize habari za Barletta. Ni mji wa pwani, kusini mwa Italia, alikozaliwa mwaka 1952. Agosti 1980, wiki chache baada ya Moscow, alikimbia pale kwao 19.96. Mlima gani uko Barletta? Bahari iko pale pale.

Halafu Moscow. Fainali wakampa njia ya 8, ya nje kabisa. Wanaoijua njia hiyo wanaelewa adha yake: unaanza mbele ya wenzako wote, humwoni hata mmoja, unakimbia kwa kusikilizia. Ndani yake, njia ya 7, yuko Allan Wells wa Uingereza, aliyekwisha kuchukua dhahabu ya mita 100 siku chache kabla. Wells akamla kwenye kona. Wanatoka kona Mennea yuko nyuma kwa pengo linaloonekana kwa macho. Mtu mwingine hapo hukaza shingo na mabega, miguu ikafa. Yeye akaendelea kunyoosha hatua zilezile, akamfikia mita za mwisho kabisa: 20.19 kwa 20.21. Wa tatu Don Quarrie wa Jamaika, bingwa wa Montreal 1976. Hao ndio anaosema si kitu?

Na jambo moja la kwetu. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow hiyohiyo. Sijamsikia Mtanzania anayezikata thamani kwa sababu ya kususa.

Upepo_Mgongoni:
Mzee nakuheshimu, ila vijana waambiwe ukweli wote. Hewa nyepesi humsaidia mkimbiaji wa mbio fupi, hilo halina ubishi. Mmarekani Michael Johnson alipoifuta rekodi hiyo mwaka 1996 kwa 19.66 alikuwa Atlanta, ambako hakuna mwinuko wa namna ile.

Mzee_wa_Tartani:
Inasaidia, ndugu yangu, sikatai. Lakini haikimbii kwa niaba ya mtu. Mpaka Johnson anaishusha ilikuwa imekaa karibu miaka 17, na ndani ya miaka hiyo alipita hata Mmarekani Carl Lewis bila kuivunja.

Kona_Singida:
Asanteni sana, nimepata pa kusimamia. Mzee, alidumu vipi muda mrefu hivyo? Wangu wakifika kidato cha nne wanaacha.

Mzee_wa_Tartani:
Alishiriki Olimpiki tano. Munich 1972 shaba akiwa na miaka 20, Montreal wa nne, Moscow dhahabu, Los Angeles 1984 akaingia tena fainali, Seoul 1988 akabeba bendera ya Italia. Katikati, Helsinki 1983 kwenye mashindano ya kwanza ya dunia, shaba ya mita 200 na fedha ya kupokezana vijiti, mita 100 mara nne.

Hakuwa na mwili wa kutisha, alikuwa mwembamba. Kocha wake Carlo Vittori alimfanyisha kazi ngumu mno kule Formia, Italia, na yeye aliitaka kazi hiyo. Shule hakuiacha pia: alikusanya shahada nne, akawa wakili, na kuanzia 1999 hadi 2004 alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya. Alifariki Roma, Machi 2013.

Hao wa kidato cha nne waambie hili la shahada kabla ya lile la 19.72. Na wazazi wao wawepo.