Naomba ushauri: barakoa gani inazuia vumbi la saruji kabisa?

Pumzi_Fupi (mleta uzi): Wakuu, habari zenu. Niko kiwanda cha saruji, kitengo cha kupaki mifuko. Kila asubuhi nakohoa na kutoa makohozi, mchana kinatulia. Swali langu ni moja tu: barakoa ipi inazuia ule unga kabisa? Za kitambaa tunazopewa, zamu haijafika nusu zimeshaganda kwa mvuke wa pumzi. Nijibuni hilo, mengine najua mwenyewe.

Kongwe_wa_Zege: Maziwa mkuu! Ukitoka zamu tu unapiga maziwa, vumbi lote linashuka. Mimi nimechanganya zege ujana wangu wote na hadi leo niko ngangari.

Dada_Zamu: Kongwe, maziwa yanapita njia ya chakula, vumbi limepita njia ya hewa. Yatakutana wapi? Chembe kubwa zinanaswa puani na kooni, ndizo hizo anazotema. Zilizo chini ya maikroni 4 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) zinaenda hadi kwenye vifuko vya hewa. Na saruji ni alkali, ikikuta unyevu inachubua utando. Mleta uzi, unakohoa tangu lini? Unavuta sigara? Umewahi kupuliza spirometa, kile kifaa cha kupima pumzi?

Pumzi_Fupi: Sigara niliacha. Kikohozi kina kama miaka miwili, kinakuja na kuondoka. Kupuliza nilipuliza, tusiende huko. Barakoa wakuu.

Shemeji_wa_Wote: "Tusiende huko" ndiko sisi tunakotaka kwenda. Tiririka.

Mzee_wa_Klinka: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa kwenye kinu cha kusagia. Vijana mwisho wa zamu walijipuliza nguo kwa hewa ya kompresa, eti wanajisafisha, lote linarudi usoni. Tulikuwa na timu ya mpira ya kitengo, mbio tulikuwa nazo, lakini kipindi cha pili winga wetu alikuwa anacheza akiwa ameshika magoti. Kombe moja tulilichukua kwa sababu wapinzani hawakutokea, na kocha wetu alijisifu mwaka mzima.

Ushauri_Bure: Vijana mnapenda pesa kuliko uhai. Acha kazi, riziki iko popote.

Pumzi_Fupi: Riziki iko popote, ada ya watoto iko shuleni. Haya, kwa kuwa mmeng'ang'ana. Kipimo kilionyesha njia za hewa zimebana: hewa ninayotoa sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya yote ninayoweza kupuliza, hata baada ya kuvutishwa dawa ya kufungua njia za hewa. Daktari akaniandikia barua nihamishwe kwenye vumbi. Iko kabatini, sijaipeleka. Miguu nayo inavimba jioni, ila hiyo ni kusimama. Kisha nimepewa usimamizi wa zamu palepale kupaki, nimeshasaini. Kabla hamjanirukia: msimamizi ana kibanda cha vioo, na nikipeleka barua nitatupwa getini kuandika namba za malori kwa mshahara wa chini. Kwa hiyo uamuzi upo, nimebakiza barakoa.

Dada_Zamu: Miguu ungeitaja mwanzo. Mapafu yakibana muda mrefu, moyo upande wa kulia unasukuma damu kwa shida na unaweza kuchoka, ndipo maji yanajaa miguuni. Tena chembe laini huchochea uvimbe kwenye mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Inawezekana ni kusimama kweli, ila mwenye majibu kama yako hajiamulii. Nenda kapime presha, umeme wa moyo na ultrasound ya moyo.

Jicho_Kavu: Chai hii, tena ya rangi. Akaunti imefunguliwa leo. Mpaki mifuko anatutajia asilimia za pumzi kama mwanafunzi wa udaktari? Subirini, namba ya simu ya kuuza barakoa inakuja. Au ni mwajiri anavua nani mwenye barua kabatini.

Shemeji_wa_Wote: Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Pumzi_Fupi: Asilimia nasoma kwenye karatasi ya majibu. Mwajiri gani angekiri barakoa zake zinaganda?

Mzee_wa_Klinka: Ngoja nimpime. Mfuko ukipasuka kwenye pua ya mashine, mnafanyaje?

Pumzi_Fupi: Kwenye bango imeandikwa simamisha. Sisi tunautupa pembeni mashine ikizunguka, maana tani za zamu zinahesabiwa. Kibarua anafagia kwa ufagio mkavu, wingu linapanda tena.

Mzee_wa_Klinka: Huyu ni wa kupaki.

Jicho_Kavu: Au kaolewa na wa kupaki. Sijashawishika.

Dada_Zamu: Hata kama ni chai, wasomaji wengine wanalivuta vumbi kweli. Barakoa: FFP2 au N95, zile zenye kichujio cha chembe laini, ibane uso pande zote, ikilowa au kuziba ibadilishwe. Ila hakuna inayozuia "kabisa". Kinga ya kwanza ni kunyonya vumbi kwenye pua ya mashine na kusafisha kwa mashine ya kufyonza, ufagio mkavu upigwe marufuku. Msimamizi akitaka hilo anaweza kulidai. Akikaa kwenye kibanda akitoka kila mfuko ukipasuka, analivuta vilevile.

Kalamu_Nyekundu: Mimi nina swali la karatasi. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 155 wa 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo mlangoni, kwa nchi zilizouridhia. Lakini kwenye fomu ya usimamizi uliulizwa afya yako?

Pumzi_Fupi: Kuna kisanduku. Nimetia tiki "sina tatizo la kifua".

Kalamu_Nyekundu: Basi siku ukidai fidia watakutolea hiyo tiki.

Pumzi_Fupi: Ndiyo maana nauliza barakoa. Dada, ndevu ninyoe zote?

Dada_Zamu: Popote ukingo unapogusa ngozi. Unavimba mguu mmoja au yote?

Pumzi_Fupi: Yote. Na nalalia mito miwili siku hizi, nikilala chali nakosa hewa.

Dada_Zamu: Zamu ya leo usiende. Nenda hospitali sasa hivi, na hiyo barua uibebe.