Naomba ushauri: mdahalo wa wanafunzi kuhusu kesi ya Patty Hearst

Ndugu zangu mliobobea katika sheria, ninaandaa mdahalo wa wanafunzi kuhusu Patty Hearst, mjukuu wa tajiri wa magazeti wa Marekani, aliyetekwa mjini Berkeley tarehe 4 Februari 1974, akiwa na miaka 19, na Symbionese Liberation Army, kikundi cha wanamapinduzi wenye silaha. Mwenyewe alieleza kwamba alifungiwa kabatini kwa wiki kadhaa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili kamera za benki huko San Francisco zilimnasa ameshika bunduki, akiiibia benki hiyo pamoja na watekaji wake. Mahakama ilimtia hatiani kwa wizi huo mwaka 1976.

Kinachonitatiza ni tukio la Mei 1974, ambapo, akiwa peke yake garini nje ya duka katika eneo la Los Angeles, alifyatua risasi ili kuwanusuru watekaji wake wasikamatwe, badala ya kutoroka. Je, niwape wanafunzi ushahidi huu mwanzoni, au baada ya kusikia habari za kabati? Aidha, nifiche kwanza kwamba Rais Carter alimpunguzia kifungo mwaka 1979 na Clinton akamsamehe mwaka 2001? Nachelea wataiga uamuzi wa wakubwa, kama ilivyo kawaida yetu, bila kupima hoja.