Kadi iwe hifadhi ya ndani, nihamishe programu moja moja, au picha na video tu?

MamaBalo
Wadau, hamjambo? Simu yangu ni ya GB 32, Android 11, na kila asubuhi naamkia lile onyo la nafasi kuisha. Nauza nguo za watoto soko la Gikomba, Nairobi. Balo, yaani furushi la nguo, likifunguliwa alfajiri napiga picha mia na kitu kabla wanunuzi wa jumla hawajamaliza kuchambua, nazirusha kwenye vikundi vinne vya WhatsApp, na kufikia saa nne kamera inakataa kupiga tena. Sasa nimenunua memori kadi ya GB 64. Kijana wangu anasema niifomati iwe hifadhi ya ndani. Jirani yangu wa kibanda anasema nihamishe programu moja moja. Halafu kuna fundi mjini anataka shilingi 500 "aifungue simu" ndipo kila kitu kiende kwenye kadi. Nimsikilize nani?

FundiWaGhorofani
Karibu mama. Natengeneza simu barabara ya Luthuli, Nairobi, na swali hili naletewa karibu kila siku. Njia hizo mbili za kwanza zinafanana kwa jina tu.

Kuhamisha moja moja ni mambo ya zamani, yalikuja na Android 2.2 mwaka 2010. Kinachohama ni lile faili la kusakinishia programu. Data yenyewe, yaani mazungumzo, akaunti na kumbukumbu zake zote, inabaki ndani ya simu. Ndiyo maana mtu anahamisha programu ya MB 80, anakagua nafasi, anakuta amepata 30, anakuja kuniuliza zingine nimempelekea wapi. Tena anayeamua kama programu inaweza kuhama ni aliyeitengeneza. WhatsApp haihami, usijisumbue. Kibodi na kengele ya kukuamsha uziache ndani hata kama zinakubali, maana kadi ikichomoka usiku, asubuhi hakuna wa kukuamsha.

Kuifanya kadi iwe hifadhi ya ndani kulikuja na Android 6.0 mwaka 2015. Hapo data nayo inahama kweli. Lakini kwanza simu inafuta kadi yote, kisha inaifunga kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu hiyo hiyo. Kuanzia siku hiyo ni mke na mume. Ukiitia kwenye kompyuta au simu nyingine haisomeki, inaomba ifomatiwe. Simu ikiibiwa, ikiungua, au ukiirudisha ilivyotoka kiwandani, yaliyo kwenye kadi yamekwenda. Na si kila simu ina chaguo hilo. Samsung nyingi hazina.

KondaMstaafu
Fundi hajakosea, na mimi nina kovu. Mwaka juzi niliifanya kadi yangu kuwa hifadhi ya ndani, nikahamisha kila kilichokubali kuhama, hata programu ya benki. Miezi miwili, raha mustarehe. Siku moja niko mbele ya keshia supamaketi, unga, mafuta na sabuni za mwezi mzima zimeshapigwa mashine, natoa simu nilipe. Alama ya programu ya benki imegeuka kijivu. Naibonyeza: "Programu haijasakinishwa." Nikazima simu, nikaiwasha. Wakati inawaka keshia alikuwa ameshasukuma vitu vyangu pembeni na kumhudumia mtu wa tatu, na kila aliyepita alinitazama kama mtu aliyekuja mjini kujaribu bahati.

Kumbe kadi ilikuwa inalegea kwenye kijitrei chake kila nikikaa na simu mfuko wa nyuma. Ikikatika sekunde moja tu, kila kilichohamia huko kinapotea mpaka isomeke tena.

MwalimuRuaka
Naomba kutofautiana kidogo. Simu yangu ni ya GB 16, na kadi imekuwa hifadhi ya ndani mwaka wa tatu sasa. Bado inapumua. Siri ni aina ya kadi.

Watu huangalia ile 10 ndani ya duara wakadhani wamemaliza. Hiyo 10 inasema tu kwamba kadi inaandika angalau MB 10 kwa sekunde kwa mfululizo, kama video inavyorekodiwa. Programu haziendi hivyo. Zinasoma kipande hapa, zinaandika kipande pale, mamia ya mara kila sekunde. Kadi ya kawaida ni lori la mchanga: mzigo mmoja, safari moja, linafika salama. Sasa hebu litume dukani mara mia, kila mara kiberiti kimoja. Kazi hiyo inataka bodaboda.

Kwa hiyo tafuta kadi iliyoandikwa A1. Hiyo imeahidi kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde katika shughuli hizo ndogo ndogo, na si chini ya hapo. A2 inapanda hadi 4,000 na 2,000, ila simu nyingi za bei yetu haziwezi kuifaidi, usilipie zaidi kwa ajili ya herufi. Na simu ikikwambia wakati wa kufomati kwamba kadi yako inaenda polepole, iamini.

FundiWaGhorofani
Mwalimu, sikupingi. Ila A1 hiyo iwe ya kweli! Nimeletewa kadi imeandikwa GB 128 na ndani ni 8. Simu inadanganywa vizuri kabisa, inaonyesha 128. Unajaza picha, na ukipita zile 8 za kweli, mpya zinaandikwa juu ya za zamani au hazikai kabisa. Majina ya faili yapo, ukifungua ni weusi mtupu. Mimi kadi yoyote mpya naitia kwenye kompyuta na kuipima kwa programu ya H2testw: inaijaza mpaka pomoni, halafu inasoma tena kila ilichoandika. Kadi ya GB 64 inaweza kula saa nzima na zaidi, kwa hiyo iache ikipimwa uende ukanywe chai. Wenye kompyuta za Linux wana programu ya F3, kazi ni ile ile.

KimyaKingi
Huyo wa 500 mkwepe. "Kuifungua" ni kuiruti simu, yaani kuvunja ulinzi wake ili upate mamlaka yote juu ya mfumo. Mara nyingi inafuta kila kitu mwanzoni, na ukishamaliza programu nyingi za benki zinagoma kufunguka. Kwa mtu wa biashara, hapana.

BintiUmoja
Mbona mnamzungusha mama? Tatizo lake ni picha na video. Programu zake zote zikiwekwa pamoja huenda hazifiki GB 6.

Kuna programu ambazo zenyewe zina mpangilio wa kuweka mizigo yao kwenye kadi bila programu kuhama. Spotify, Netflix, Telegram, ramani za Google zile za kutumia bila mtandao. Unaingia kwenye mipangilio ya programu, unachagua kadi, basi. Mimi ramani ya Nairobi na njia yote ya kwenda ushago ziko kwenye kadi. Kamera nayo, kwa simu nyingi, inakubali kuhifadhi moja kwa moja huko. Kadi inabaki ya kawaida, ukiichomoa unaisoma popote.

MamaBalo
Binti, hapo umenigusa. Lakini picha za kamera huwa nafuta kila jioni na bado simu inajaa. Zinajificha wapi?

FundiWaGhorofani
Swali zuri, nilipaswa kuanzia hapa. Kila picha unayotuma WhatsApp inabaki na nakala yake ndani ya WhatsApp. Wewe unafuta ya kamera, ile nyingine imekaa tu. Na kwa mtu anayerusha picha mia kwa siku, hebu piga hesabu.

Fungua programu ya faili, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, halafu Media. Utaona folda ya picha na ya video, na ndani ya kila moja kuna folda inaitwa Sent. Hizo ndizo nakala za ulivyotuma wewe. Chagua zote, hamishia kwenye kadi. Usiguse folda inayoitwa Databases, hiyo ndiyo yenye nakala ya mazungumzo yako. Ukimaliza, ndani ya WhatsApp zima ule upakuaji wa video unaojifanya wenyewe bila kuulizwa, maana vikundi vya familia ndivyo vinavyommaliza mtu kimyakimya.

Moja tu ujue: ukirudi kwenye mazungumzo, picha zilizohamishwa hazitafunguka vizuri kutoka pale. Zipo kwenye kadi, zitafute kwenye matunzio.

MwalimuRuaka
Nakubali. Kwa hali yake hata mimi nisingeifomati iwe ya ndani. Yangu ilikuwa GB 16, sikuwa na pa kupumulia.

MamaBalo
Nimerudi. Jana usiku nimehamisha Sent za picha na za video, dakika arobaini na kitu, nikaogopa imekwama. Nafasi iliyorudi ni GB 11! Humo nimekuta hadi picha za koti za balo la mwaka juzi. Kadi yangu ina ile 10 ya duara tu, A1 hakuna, kwa hiyo kijana nimemwambia aache mambo yake ya kufomati. Na Fundi, niliipima kwanza kwa kompyuta ya binamu, ni 64 kweli. Zile 500 tumenywea chai na mandazi, kibanda chetu na cha jirani.

Ila kuna mteja anadai ile sweta nyekundu niliyomtumia Desemba, na kwenye mazungumzo inaonekana ukungu tu.

FundiWaGhorofani
Matunzio, chagua kadi, folda ya Sent, shuka mpaka Desemba.

MamaBalo
Nimeiona, asante. Sweta yenyewe niliuza kitambo.