Re: Uraia wa Ujerumani na shamba la mama

Shikamooni wakubwa,

Niko Bremen, mwaka wa saba sasa. Ofisi ya wageni wameniambia naweza kuomba uraia, na kwamba tangu sheria yao mpya ianze kazi tarehe 27 Juni 2024, hawanilazimishi tena kuuacha wa mwanzo. Mume wangu anasema niharakishe. Ila mama yangu yuko Hombolo na anataka kuniandikisha ekari mbili za zabibu. Nikishakuwa Mjerumani nitaweza kuzimiliki? Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mdogo wenu, Bremen

---

Marahaba mdogo wangu. Mbukwa!

Nianze na sheria maana ndiyo uliyouliza. Wajerumani wamekuruhusu kuwa na mbili, Tanzania haijaruhusu. Ukiwa mtu mzima na ukaupokea uraia wa nje kwa hiari yako, wa kwetu unakoma hapo hapo, huhitaji kuandikiwa barua. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ni kweli kwamba mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi, ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje waweze kuomba hadhi maalumu. Masharti yake waulize ubalozini Berlin, tena wakujibu kwa maandishi. Ujue tu kwamba hadhi siyo uraia. Kura hupigi.

Halafu muulize mama ana karatasi gani mkononi. Hombolo siku hizi imo ndani ya Jiji la Dodoma. Shamba limepimwa? Karatasi ni ya jiji, au ni ya zamani ya CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017? Au ni maneno ya wazee tu? Ndugu zako wote wajue, hasa wale wanaopalilia hilo shamba wakati wewe uko huku. Nimeona familia mbili zikiacha kusalimiana kwa sababu aliye Ulaya aliandikishwa kimya kimya.

Sasa umeuliza sisi tulifanyaje. Mimi nina miaka 19 Hamburg, nauguza wazee, na pasi yangu bado ni ya Tanzania.

Baba alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Dodoma. Betri za redio zikichoka, mama alizianika juani mchana kutwa ili jioni baba apate taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Baba alikuwa wa Mbaraka Mwinshehe, hakubali mwingine. Mbaraka alifariki Januari 1979, sijazaliwa, lakini nimekua nikiujua msiba ule kama wa mjomba wangu. Mama hakuwa na habari na magitaa. Yeye ni Mgogo wa Chamwino, mtu wa muheme: anaibana ngoma katikati ya mapaja, khanga imekazwa kiunoni, na akishaanza na wenzake hata mgonjwa anainuka kitandani. Baba aliziita kelele za shambani, mpaka alipomsikia Hukwe Zawose redioni na kuambiwa kwamba yule Mgogo na zeze lake wanaitwa kupiga Ulaya. Kuanzia hapo mama akipiga, baba anazima redio.

Mwaka juzi mpwa wangu alimrekodi mama kwenye harusi, dakika nne. Ninayo simuni.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Nilikuwa zamu ya usiku. Nikapiga WhatsApp, kimya. Nikapiga tena alfajiri, kimya. Habari zinazopenya ni za risasi na watu kufa. Novemba 3 Rais anaapishwa Chamwino, kwenye uwanja wa gwaride. Chamwino! Huku kwenye televisheni naonyeshwa kijiji changu, na sijui kama mama yangu amelala salama. Zile dakika nne za muheme nilizisikiliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka mwenzangu Mjerumani akaja kunishika bega.

Aliyeniokoa ni jirani mwenye kitochi, ile simu ndogo isiyohitaji intaneti. Mpwa wangu alikuwa ameniandikia namba yake zamani kwenye karatasi. Simu ya kawaida ikapita, jirani akavuka uwanja, akampa mama. Neno lake la kwanza: "Umekula?"

Kwa hiyo mdogo wangu, leo hii tafuta namba mbili za watu wenye vitochi karibu na mama yako, uziandike kwenye karatasi, na uwe na salio la kupiga simu ya kawaida nje ya nchi.

Siasa nasema wazi. Chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Tundu Lissu, mtu wa Singida, jirani zetu kabisa, alikuwa ndani tangu Aprili kwa kesi ya uhaini. Watu wamekufa. Rais mwenyewe alitoa pole Bungeni, Dodoma, Novemba 14, na akatangaza tume ya uchunguzi. Mimi nataka kila mama aliyezika aambiwe nani alifyatua risasi na kwa amri ya nani. Ile wiki nilikuwa na hasira hata nikachukua fomu ya uraia wa huku, nikaijaza yote.

Sijaipeleka. Sisi wa nje haturuhusiwi kupiga kura tukiwa huku, hilo nalijua. Lakini nikibaki raia, 2030 naweza kwenda kujiandikisha Chamwino na kupanga foleni na wanawake wa muheme. Wewe una watoto wadogo na mume huko, hesabu yako yaweza kuwa nyingine, na hakuna wa kukulaumu.

Dada yako, Hamburg

---

Asante sana dada. Nimempigia mama jana. Karatasi aliyo nayo ni ya kununulia tu, imeandikwa kwa mkono 1994, mashahidi wawili na mmoja ameshafariki. Kaka yangu anaanza kufuatilia upimaji Jumatatu, kwa hiyo fomu ya huku nimeiweka kabatini kwanza. Namba za vitochi nimepata tatu.

Nilimsomea mama barua yako. Pale kwenye muheme akanikatisha, anauliza wewe ni mtoto wa nani Chamwino.