Picha za ukutani za pipa la mafuta kama za Haiti: bati linajikunja, kona zinachanika

FundiUjiji:
Wakuu, salaam. Hapa Ujiji mapipa ya lita 200 tunayageuza majiko na makarai. Sasa nataka picha za ukutani kama za Haiti. Nikikata kwa tindo juu ya gogo, bati linajikunja na kona zinachanika. Wenzetu wanafanyaje?

TindoNaNyundo:
Kwanza pipa lenyewe. Lililobeba dawa za kilimo usiliguse kabisa. Mengine, jaza maji karibu na ukingo ndipo ukate mfuniko wa kwanza kwa tindo. Mvuke wa mafuta ndio unaolipua watu, kwa hiyo gesi na grainda weka mbali. Mifuniko yote miwili ikishatoka, shindilia majani makavu ya migomba, uchome mpaka rangi iishe. Moto huo hulainisha chuma pia. Lipasue ubavuni, ulikunjue na kuponda yale matuta ya kuzunguka: utapata bati la kama mita 1.8 kwa sentimita 88.

Kujikunja kunatokana na gogo. Mbao inabonyea, bati linaifuata. Katia juu ya chuma kinene, gogo libaki kwa kutunisha maumbo. Anza na matundu ya ndani bati likiwa bado zima, mzingo wa nje uwe wa mwisho. Kila pigo, tindo likanyage nusu ya mkato uliotangulia. Kwenye kona toboa tundu kwanza, mpasuko uishie hapo.

Mchikichi:
Mchoro nao una asili yake. Sanaa hii ilianzia Croix-des-Bouquets, karibu na Port-au-Prince, kwa mhunzi Georges Liautaud aliyefua misalaba ya makaburi. Mwaka 1953 DeWitt Peters, mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Centre d'Art, alimhimiza afue na sanamu. Maumbo mengi ni ya lwa, mizimu ya dini ya Vodou. Yule nguva ni La Sirène, anayeheshimiwa. Mimi nisingemnakili. Chora migebuka na michikichi yetu: makuti yanashikanisha samaki na ukingo bila kuchomelea. Viungo visipungue sentimita 1, vikiwa vyembamba picha inalegea.

FundiUjiji:
Shukrani sana, wakuu. Na kutu, kwa unyevu huu wa ziwa?

TindoNaNyundo:
Sugua kwa brashi ya waya, kisha kingo zote uzilainishe kwa tupa. Paka vanishi siku hiyo hiyo, mara mbili, nyuma pia. Kutu huanzia kwenye mikato, kwa hiyo brashi ya vanishi iingie ndani ya kila tundu.