Sini kinyume na pembe ya ngazi

Fundi wa Kayole: Wakuu, ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, inafika mita 3 juu. 3÷5 ni 0.6, ndiyo sini ya pembe kati ya ngazi na ardhi. Nikibonyeza SHIFT, sin, 0.6, kikokotoo kinaleta 0.6435. Hiyo ni pembe kweli?

Mwalimu, Umoja: Ni pembe, ila kwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Kiweke kwenye digrii upate 36.87°. Na tafadhali, ile −1 ndogo kwenye sin⁻¹, iliyoandikwa juu ya kitufe cha sin, si 1 kugawa kwa sini! Inauliza: ni pembe gani sini yake ni 0.6? Halafu ngazi hiyo imelala mno, itateleza. Isogeze hadi 75° hivi, ifike mita 4.83.

Kidato cha Nne: Mwalimu, 143.13° nayo sini yake si 0.6?

Mwalimu, Umoja: Naam. Kikokotoo hujibu kati ya −90° na 90° tu. Ya pili itafute mwenyewe: 180 − 36.87.