Naomba ushauri: binti yangu anataka maisha ya fidla

Asalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 18, kamaliza kidato cha nne, na hataki jingine ila fidla. Alianza kwa nyimbo za taarabu alizozisikia kwa marehemu babu yake hapa Mji wa Kale, Mombasa, siku hizi anapiga muziki wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani wa zamani, kila baada ya swala ya alfajiri. Chini ya taya la kushoto ameota alama nyeusi, kama kaungua. Nikiitazama hiyo alama, roho hainiruhusu kumwambia aache.

Nimekwama hapa. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002. Huko atapata fidla pamoja na udi na ganuni, vyombo vya kwetu. Au aende Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, apande madaraja ya mitihani ya muziki ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza, mpaka daraja la 8. Moyo wangu uko Zanzibar, wake uko Nairobi.

Jingine ni fidla yenyewe. Unyevu wa pwani uliiachanisha ubavuni, fundi mmoja akaibandika kwa gundi ya mbao. Sauti imefifia, na mtoto alilia. Baadaye ndipo nikaambiwa fidla hutiwa gundi ya ngozi ya mnyama, ili ipate kufunguliwa tena siku ya matengenezo.

Mnaoishi kwa kazi hii Mombasa: harusi, hoteli na kufundisha vinalipa kodi ya nyumba? Na fundi wa fidla anayejua kazi yake, yuko wapi?